Safu Uliyoichora kwa Rula

Mama mpendwa, nyar Kadem,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa mizunguko. Nikirudi nyumbani ulikuwa unaniuliza, "Kazi?" nami nikijibu "nzuri tu," unaniangalia juu ya miwani mpaka niseme ukweli. Basi ukweli ni kwamba nimebishana na kampuni ya programu tangu Jumanne, leo ni Ijumaa, na saa nane mchana huu nimekufuta kwenye mfumo wa hospitali. Kwa kidole changu mwenyewe. Usinune kwanza, nikueleze.

Jumatatu walituletea toleo jipya. Hawakubisha hodi. Saa tatu asubuhi, laini ya wagonjwa imefika getini, kompyuta zote zikaganda kwa pamoja na kutuandikia, "Tafadhali subiri, tunakuboreshea huduma." Zilipoamka, kila kitufe kilikuwa kimehamishwa. Cha kutafuta mgonjwa kilichokuwa juu kimeshuka chini, cha kuhifadhi kimekuwa mchoro ambao mpaka sasa sijui ni kikapu au ni kofia. Pamoja na hayo barua pepe ya furaha: ati wamesafisha rekodi zinazojirudia, hatuhitaji kufanya lolote. Sikuisoma hata nusu. Nilikuwa nakimbia dirisha hadi dirisha nikiwaonyesha watu kitufe kiko wapi.

Jumanne Bwana Ouma akaniita kwenye dirisha namba tatu. Ni lako lile la usajili, siku hizi anakaa yeye, na mto wako wa kukalia bado upo kwenye kiti. Mbele yake alisimama mama mtu mzima mwenye kitambaa cha buluu kichwani, amekuja kliniki ya presha. Ouma akanigeuzia skrini. Iliandikwa kwa herufi nyekundu: Marehemu.

"Kwani imesema nini?" yule mama akauliza.

Nikajikaza. "Mama, hii mashine inasema umefariki."

"Nani amefariki?"

"Wewe."

"Yawa! Na nimetoka Rusinga asubuhi hii nikiwa maiti? Mbona kondakta hakuniambia?"

Laini nzima ikaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeona jina. Mary Akinyi Otieno. Jina lako lote, Mama, bila kupungua herufi. Na tarehe ya kufariki ilikuwa ile ya kwako, ambayo sihitaji mashine inikumbushe. Nikamtazama vizuri nikamtambua. Alikuwa nyar Takawiri, binti wa Takawiri, yule mliyekuwa mkiitana wajina, aliyekuwa akikuletea omena na kukaa nawe kwenye benchi mkisengenya.

Naye akanitazama. Kicheko kikafutika usoni mwake. "Wewe ni mtoto wa wajina," akasema. "Kumbe wameniandikia kifo chake."

Unajua jinsi ilivyotokea, hata kama hukuwahi kugusa kitabu cha kompyuta. Wewe na yeye mna jina moja. Nyote wawili hamkuijua tarehe yenu ya kuzaliwa. Bibi alisema tu ulizaliwa wakati wa palizi. Ofisi ya vitambulisho ikawapa Januari mosi, kama ilivyowapa nusu ya wazee wa huku, na ikawakisia mwaka, ikakisia ule ule. Namba za vitambulisho hazikuwa kwenye vitabu vya zamani, hivyo hazikuingia kwenye mfumo. Mashine ikaona watu wawili wenye jina moja na siku moja ya kuzaliwa, ikaamua ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Ikawaunganisha. Na kwa kuwa mmoja alikuwa amekufa, ikawaua wote.

Daktari alimwandikia dawa kwenye karatasi, na yule dada wa duka la dawa akampa tembe za siku saba. "Saba tu," akaniambia kando. "Siwezi kumtolea marehemu dawa kila mwezi. Mkaguzi akija nitasema nini?" Nikafikiria kumsajili upya. Mfumo ukakataa: mtu huyu tayari yupo. Nibadilishe tarehe ya kuzaliwa? Lazima ifanane na kitambulisho, na kitambulisho kinasema Januari mosi. Kwa hiyo nilikuwa na siku saba za kumtoa kaburini mama wa watu, na presha yake si ya kuchezea. Ilishamwangusha mara moja kwenye ngazi za kanisa.

Hapo ndipo nilipoanza kukukumbuka kwa hasira, hasira ya kujikasirikia mwenyewe.

Ulinisimulia mara ngapi kisa cha Kehancha? Ulikuwa mgeni kazini, umehamishiwa huko miaka miwili, na majina ya Wakuria yakakushinda. Kila laini ina akina Boke watano na akina Robi wanne, na baba zao wote ni Mwita na Chacha. Siku moja ukampa Boke kadi ya Boke mwingine. Akadungwa sindano isiyo yake, uso ukamvimba mpaka macho yakafunga. Alipona. Lakini ulikaa naye wodini siku mbili ukimnywesha uji na kuomba, na ulipotoka ulinunua rula ya mbao, ukafungua kitabu cha usajili na kuchora safu ya nne. Kitabu cha serikali kilikuwa na namba, jina na umri. Wewe ukaongeza: Kwao.

Uliporudi Homa Bay ukaja na rula yako. Mtu hakuandikwa kwenye dirisha lako kabla ya kujibu, "Nyar kanye?" Binti wa wapi? Wanaume nao uliwauliza kwao. Wengine walikasirika, wakadhani unawachunguza ukabila. Mmoja alikufokea, nakumbuka, nikiwa nimekaa nyuma yako na sare ya shule nikingoja turudi nyumbani. Hukuinua sauti. Ukamwambia, "Baba, jina lako wanalo watu kumi humu ndani. Nataka nikutibu wewe."

Halafu nikasoma kompyuta, nikarudi na cheti changu, nikaajiriwa pale pale kwako. Kazi yangu ya kwanza ikawa kuingiza vitabu vyako kwenye mfumo. Fomu ya kampuni ilikuwa na jina la kwanza, la kati, la mwisho. Ilikuwa na jinsia, tarehe, nchi, hata nafasi ya namba ya faksi. Faksi, Mama, Homa Bay! Kwao haikuwepo. Niliwaandikia mara moja kuomba nafasi hiyo. Wakajibu kwamba wanathamini maoni yangu. Sikuandika tena. Nilikuwa na haraka, na moyoni niliona ni mambo ya kizamani, mambo ya akina mama wa dirishani. Nimeilaani kampuni wiki nzima, lakini kampuni haikuijua safu yako. Mimi niliijua, na mimi ndiye niliyeiacha nje.

Na wewe ulivyo mbishi! Ulipopewa kompyuta dirishani, ukaipekua ile fomu mpaka ukapata nafasi moja tu inayokubali mtu aandike maneno yake mwenyewe. Nafasi ya mzio. Mahali pa kuandika kama dawa fulani inamdhuru mgonjwa. Mwezi ukapita, daktari mgeni akanijia mbio: ana wagonjwa wenye mzio wa Karungu, wa Ndhiwa, wa Suna, na mmoja ana mzio wa Tanzania. Nikakufuata dirishani nikiwa nimewaka.

"Mama, unaharibu data! Daktari anaona mtu ana mzio wa Takawiri!"

Hukugeuza hata shingo. "Basi asimlishe Takawiri."

Ouma alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilikwenda kwenye chumba changu nikabamiza mlango. Nilipanga kuzifuta zote, nikaahirisha, kazi zikanizidi, na wewe ukaendelea kuziandika mpaka siku ya kustaafu. Leo namshukuru Mungu kwa uvivu wangu.

Nisikilize kidogo nikulalamikie, maana nani mwingine atanisikiliza? Nikianza nyumbani watu wanahamia jikoni.

Jumanne niliwaandikia kampuni. Nikajibiwa papo hapo na mashine inayojiita Msaidizi. Nikaandika: mgonjwa aliye hai ameandikwa amekufa. Ikajibu: "Samahani, sijaelewa. Je, ungependa kubadilisha neno la siri?" Nikaandika tena kwa herufi kubwa. Ikanitumia video ya kijana anayetabasamu akinifundisha kusajili mgonjwa. Jumatano nikapewa namba ya tiketi ya malalamiko yangu, na saa moja baadaye nikaarifiwa kuwa tiketi imefungwa, na je, nimeridhika? Nikaifungua upya. Nikapiga simu, nikawekewa muziki. Ulikuwa muziki mzuri, nikausikiliza dakika arobaini.

Zamani ningechomoa waya wa seva, nikarudisha nakala ya Jumapili, tukaendelea na maisha. Unaikumbuka seva yetu, ile kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma iliyotunza rekodi zote? Ulikuta inaingia vumbi, ukaishonea kitambaa cha kufuma chenye maua ya waridi na kuifunika pande zote kama redio ya sebuleni. Ikapata joto ikazimika, hospitali nzima ikasimama, nami nikatafuta virusi asubuhi yote kabla ya kuona maua. Nilikugombeza siku ile. Leo ningekupa ufunguo wa chumba. Kampuni ilituambia seva za hospitalini zimepitwa na wakati, ikachukua kila kitu ikapeleka huko iliko, na sijui ni wapi. Naitwa msimamizi wa mfumo, Mama, na nakala za hospitali yangu siwezi hata kuzigusa. Kitambaa chako ninacho. Kiko kwenye kiti changu.

Sitaki makubwa kwa hawa watu. Natamani mmoja wao, mmoja tu, aje akae dirisha namba tatu Jumatatu asubuhi. Aone bibi anavyofungua fundo la leso kutafuta kitambulisho, na kabla hajakipata skrini imeshamfungia Ouma nje kwa ajili ya usalama. Aone Ouma anavyogeuza kibodi kusoma neno lake la siri kwenye kipande cha plasta, maana wanamtaka abadilishe kila mwezi, liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama, na lisifanane na la zamani. Mimi najifanya sijaiona plasta. Natamani kitufe cha kusema ngojeni, msituboreshee leo. Na natamani kila fomu duniani iwe na nafasi moja tupu, ya jambo ambalo aliyeitengeneza hakulijua.

Jana Alhamisi mtu alinijibu hatimaye. Nadhani alikuwa mtu, maana alikosea jina langu. Alikuwa na adabu. Akaeleza kwamba rekodi zikishaunganishwa hazitenganishwi. Nina njia mbili. Niondoe alama ya kifo, halafu wawili hao waendelee kuwa mgonjwa mmoja hai, sukari yako na presha yake kwenye faili moja, daktari mgeni aje siku moja amchome insulini mtu asiye na sukari. Au, kabla ya kuondoa alama hiyo, maana baada yake mfumo haufuti chochote, nichague mistari ya mmoja, mstari kwa mstari, niifute kabisa. Ikifutwa hairudi. Na faili lenye alama ya kifo halichapwi kwa sheria zao. Linasomwa tu kwenye skrini.

Nilijua nitachagua nini.

Leo asubuhi nyar Takawiri amefika mapema, Ouma akatuletea kiti cha pili. Nilikuwa na vitabu vyako kumi na viwili mezani, vile nilivyoagiza vichomwe, nawe ukavificha kwenye sanduku la bati chini ya kitanda ukisema ni nguo za kwaya. Tukaanza. Mistari ya zamani niliilinganisha na safu yako: Kadem huku, Takawiri kule. Ya miaka ya katikati ilikuwa na ile mizio yako ya dirishani, kila mmoja na kwao, na hapo kazi ikawa nyepesi mpaka nikaona haya. Iliyobaki ni ya baada ya wewe kustaafu, wakati hakuna aliyeuliza mtu kwao. Hiyo nilimsomea yeye.

"Kuvimba miguu?"

"Yangu hiyo. Ile dawa ya kwanza ilinivimbisha, wakaibadilisha. Usiifute, wataniletea tena."

"Jino?"

"Si langu. Meno yangu unayaona."

"Kipimo cha sukari, Alhamisi asubuhi?"

"Sina sukari mimi. Hiyo ni ya wajina."

Nikatazama mwaka. Nikatazama tena. Ilikuwa miaka miwili kabla hujaniambia kuwa una sukari. Chini yake Alhamisi nyingine, na nyingine, ukurasa mzima. Alhamisi ulikuwa unaniaga unakwenda mazoezi ya kwaya. Nikamuuliza nyar Takawiri kama alijua.

"Tulikuwa tunakaa pale," akaonyesha benchi la ukutani. "Nikamwambia, mwambie mtoto. Akasema, 'Muache nyathina, mwanangu huyo ana kazi nyingi na hizo mashine zake.'"

Kutoka benchi lile mpaka mlango wa chumba changu ni hatua ishirini. Nimezihesabu leo. Miaka miwili ulikaa hapo na kipande cha pamba kidoleni baada ya kupimwa, nami niko ndani nabadilisha maneno ya siri ya watu. Ningetoka siku moja kunywa maji ningekukuta. Imeniuma, Mama, na imenikasirisha, na sina wa kumgombeza kwa sababu wewe hupo na kampuni haihusiki.

Nilisema nimechoka. Pale nililia, na nyar Takawiri akanishika mgongo, na Ouma akajifanya anapanga karatasi.

Halafu nikachukua kitabu chako cha mwisho, ambacho kina kurasa tupu, nikakunakili kwa mkono. Kila mstari wako kutoka kwenye skrini: malaria zako, lile jino, kuzaliwa kwangu ambako daktari aliandika "kumechelewa, mama mvumilivu," Alhamisi zako zote, wodi, na neno la mwisho la sista wa zamu. Mkono ukauma. Nyar Takawiri akawa ananisomea nami naandika, akikutania kila tukifika kwenye uzito wako. Ilipofika saa nane nilichagua mistari yako yote kwenye mfumo nikabofya. Ikaniuliza, "Una uhakika?" Nikasema ndiyo. Ukatoweka haraka kuliko nilivyotarajia. Kisha ikaniuliza nimeridhika kwa kiasi gani, nyota moja hadi tano.

Sikuipa nyota. Nilifungua faili lililobaki, nikaondoa alama ya kifo, nikasubiri. Mary Akinyi Otieno, hai.

"Mama, umefufuka," Ouma akasema.

"Mnipe dawa basi, waliofufuka nao wana presha," akajibu, na safari hii nilicheka na laini yote. Amepewa tembe za mwezi mzima. Ameondoka akiwa ameshikilia mfuko wa karatasi kwa mikono miwili.

Kabla hajafika getini nilifanya jambo moja ambalo msimamizi wa mfumo hafanyi. Kwenye nafasi ya mzio wa dawa niliandika ile dawa iliyomvimbisha miguu, nikaweka koma, nikaandika: nyar Takawiri. Ouma aliona. Jumatatu nitawafundisha wa madirisha yote. Daktari mgeni akija mbio, najua jibu la kumpa.

Jua la Ijumaa linashuka sasa, na wewe Msabato hukuacha kitabu wazi jua likizama. Rula yako nimeikuta ndani ya sanduku la bati. Nimechora safu ya nne kwenye ukurasa wako, mstari umepinda kidogo kwa sababu mkono umechoka, na nimeijaza. Namba yako ya usajili ni ile ile. Kwao: Kadem. Chini yako kuna nafasi, nami nimejiandika hapo, ili nisije nikaunganishwa na mtu mwingine siku moja wakati hakuna wa kunitambua.

Nimefunga kitabu. Pumzika, Mama. Alhamisi nitakaa kwenye benchi lile dakika chache, hata kama simu zinalia.

Mwanao, nyar Homa Bay